Denis Burkitt na uvimbe wa taya usiosubiri

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, Dk Hugh Trowell, aliyejulikana kwa utafiti wake kuhusu unyafuzi, alimwita mwenzake wa upasuaji aje wodi ya watoto amwangalie mvulana wa miaka mitano. Mtoto alikuwa amevimba taya pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Meno yalikuwa yanacheza na uso umeharibika sura. Daktari wa upasuaji alimpima, akampiga picha, akaondoka bila jibu. Jipu la jino huvimba upande mmoja. Saratani ya mfupa nayo kwa kawaida huanzia mahali pamoja. Huu uvimbe uliwezaje kutokea mahali panne kwa wakati mmoja?

Daktari huyo ni Denis Burkitt. Nimemchagua wiki hii kwa sababu ya swali ambalo wazazi wa Iguguno na vijiji vya jirani vya Mkalama huniuliza: mtoto akivimba taya na meno yakilegea, apelekwe kung'olewa jino, apakwe dawa za miti shamba, au afanyweje? Jibu lake lilianzia kwa mtoto yule wa Mulago, na ili kulielewa itabidi tumfuate Burkitt kwa gari kupita Tanganyika, kisha tuingie ndani kabisa ya seli, mahali ambapo yeye mwenyewe hakuwa na kifaa cha kupaona.

Alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 huko Enniskillen, Ireland. Baba yake, James Burkitt, alikuwa mhandisi wa barabara na madaraja wa wilaya yao, lakini alipenda ndege kuliko kitu kingine. Aliwavisha pete miguuni ndege wadogo wa bustanini kwake na kuchora ramani ya wapi kila mmoja anaishi na mpaka wake unaishia wapi. Watu walimwona wa ajabu. Kijana wake alikulia katikati ya ramani hizo.

Akiwa na miaka 11, katika ugomvi wa watoto wa kurushiana mawe, jiwe lilivunja miwani ya Denis na kioo kikaingia jichoni. Jicho la kulia lilitolewa. Alianza chuo kikuu Dublin akisomea uhandisi kama baba yake, akabadili mawazo na kuhamia udaktari, akahitimu mwaka 1935. Mwaka 1938 alipata sifa za daktari bingwa wa upasuaji. Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Afrika Magharibi alikataliwa kwa sababu ya jicho moja. Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyomleta Afrika: jeshi halikujali jicho, likamtuma Kenya na Somalia. Vita vilipokwisha aliomba tena, na mwaka 1946 akapangiwa Lira, kaskazini mwa Uganda.

Huko Lira alikutana na mabusha, mengi mno. Daktari mwingine angepasua na kushona basi. Burkitt alipasua, lakini pia aliandika kila mgonjwa ametoka kijiji gani. Baada ya muda akaona jambo: sehemu moja ya wilaya ilijaa mabusha, na sehemu nyingine ya wilaya ileile karibu hayapo. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1951. Hayakumpa sifa yoyote, lakini yalionyesha namna alivyofikiri. Kila ugonjwa aliuuliza kwanza unaishi wapi, kama baba yake alivyowauliza ndege wake.

Kwa hiyo wiki chache baada ya kumwona mvulana wa Mulago, akiwa kwenye hospitali ya Jinja, alitupa macho dirishani na kumwona mtoto mwingine nje na mama yake, taya zimevimba vilevile. Aliacha alichokuwa anafanya akatoka nje. Alipompima akakuta tumboni mwa mtoto huyo kuna uvimbe pia. Mtoto mmoja mwenye taya nne zilizovimba ni kioja cha kitabibu. Watoto wawili ni ugonjwa wenye makao. Alirudi Kampala akafukua mafaili ya zamani ya wodi na vitabu vya uchunguzi wa maiti, akakuta watoto wengi waliokuwa wameandikiwa majina tofauti ya saratani: ya taya, ya figo, ya ini, ya ovari, ya jicho. Walipowekwa pamoja ilionekana kuwa ni ugonjwa mmoja unaojitokeza sehemu tofauti. Aliuandika mwaka 1958. Wataalamu wa maabara wa Kampala wakathibitisha baadaye kwamba ni saratani ya seli za kinga, zile zinazokaa kwenye tezi. Leo dunia nzima inauita kwa jina lake, limfoma ya Burkitt.

Sasa lile swali lake: unaishi wapi? Alichapisha vipeperushi vyenye picha za watoto wenye uvimbe, akavituma kwa hospitali za serikali na za misheni kote Afrika akiuliza kama wamewahi kuuona. Majibu yalipokuja aliyachomeka kwenye ramani kwa pini, na pini zikapanga mkanda unaokatiza katikati ya bara. Ili aujue ukingo wa mkanda huo ilibidi asafiri. Oktoba 1961 aliondoka Kampala na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams na Cliff Nelson, kwa gari kuukuu la Ford. Walizunguka wiki kumi, karibu kilomita 16,000, hospitali zisizopungua 50, wakipita Kenya, Tanganyika na kushuka hadi kusini mwa bara. Tanganyika waliyoiacha nyuma ilikuwa bado chini ya Waingereza, na kabla hawajamaliza safari ikawa imepata uhuru.

Walichokikuta ni hiki. Karibu na ikweta, uvimbe huu ni nadra sana juu ya mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari. Kadiri walivyokwenda kusini, kimo hicho kilishuka, mpaka huko mbali ukawa ni ugonjwa wa mabondeni na pwani tu. Burkitt akatambua kwamba kilichohesabika ni joto, mlima ulikuwa kisingizio. Mahali ambapo joto hushuka chini ya nyuzi 16, au mvua haifiki milimita 500 kwa mwaka, uvimbe haukuonekana. Mtu wa Singida akisoma hapo anajiona ukingoni: mji wetu uko karibu mita 1,500, na mvua zetu tunazijua. Lakini teremka Sekenke uingie bonde la Wembere, hali ni nyingine kabisa, joto na mbu tele. Na familia zetu huhama na watoto kwenda kulima mpunga huko au kuishi Kanda ya Ziwa kwa ndugu. Kwa hiyo mzazi asiniambie kwamba huku juu ugonjwa huu haupo.

Ramani yake ililingana mno na ramani ya malaria kali ya mwaka mzima, na yeye pamoja na wengine walilisema hilo katika miaka ya 1960. Lakini malaria ilikuwa na wagonjwa mamilioni, na uvimbe huu watoto wachache. Lazima kulikuwa na jambo jingine.

Jambo hilo lilipatikana London. Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara katika hospitali moja ya huko. Mtafiti kijana, Anthony Epstein, alikuwa amekaa ukumbini, na kabla mhadhara haujaisha alishaamua kuacha kazi aliyokuwa nayo. Walikubaliana Burkitt awe anamtumia vipande vya uvimbe kwa ndege. Kwa karibu miaka miwili hakuna kilichoonekana. Kisha mwishoni mwa 1963 ndege yenye kipande kutoka Uganda ilizuiwa na ukungu London ikatua Manchester, na kipande kilipofika kilikuwa kinaelea kwenye maji yaliyochafuka kama ya kuoza. Badala ya kukitupa, Epstein aliweka tone chini ya hadubini. Uchafu ule ulikuwa seli hai za saratani zilizojitenga na kuelea zenyewe. Zilikubali kukuzwa maabara, na mwaka 1964 ndani yake kikaonekana kirusi kipya, kinachoitwa Epstein-Barr kwa heshima ya Epstein na msaidizi wake Yvonne Barr.

Mzazi asiogope jina hilo. Zaidi ya watu wazima 90 kati ya 100 duniani wanacho kirusi hiki, mimi na wewe tukiwemo kwa uwezekano mkubwa. Huku kwetu watoto hukipata wakiwa wadogo sana, kupitia mate. Wengi hawaumwi chochote. Saratani yenyewe haiambukizi: mtoto mwenye uvimbe wa Burkitt anaweza kulala na ndugu zake na kula nao sahani moja.

Kirusi hiki hufanya nini ndani ya seli? Hapa niruhusu nikae kidogo, kwa sababu ndipo penye sababu ya haraka yote ninayowahimiza.

Kila seli ina takriban mita mbili za uzi wa DNA, ule unaobeba vinasaba, umebanwa ndani ya kiini ambacho upana wake haufiki sehemu moja ya mia ya milimita. Unaenea kwa sababu umezungushwa kwenye protini ndogo ziitwazo histoni, nane nane, kama uzi kwenye bobini ya cherehani, bobini moja baada ya nyingine, mamilioni. Uzi huo pamoja na protini zake huitwa kromatini. Sehemu nyingine za kromatini zimefungwa kwa nguvu, na vinasaba vyake vimelala. Nyingine ziko wazi na vinasaba vyake vinafanya kazi.

Seli kabla ya kugawanyika lazima inakili uzi wote. Kuna protini zinazokaa juu ya kromatini katika makumi ya maelfu ya vituo, na kila kituo huvishwa pete inayozunguka uzi. Pete hiyo ni tiketi. Kazi ikianza, pete inasukumwa mbele ikiufungua uzi, bobini zinaondolewa njiani na kurudishwa nyuma yake, nyingine kuukuu, nyingine mpya, na tiketi ya kituo hicho ikishatumika haitolewi nyingine mpaka seli imalize kugawanyika. Ndiyo maana kila kipande hunakiliwa mara moja tu. Kazi hii yote huchukua saa nane hivi, na seli yenye afya haiianzi bila kuamriwa.

Kirusi cha Epstein-Barr ni abiria asiyelipa nauli. DNA yake ni kiduara kidogo kinachoelea kwenye kiini, na kina protini moja yenye mikono miwili: mmoja umeshika kiduara, mwingine umeng'ang'ania kromatini ya mtoto. Seli ikianza kunakili, protini zilezile za seli hukinakili na kiduara, mara moja, kama vile ni mali yao. Seli ikigawanyika, kiduara kinagawanywa pia. Kirusi hakihitaji kuua seli ili kiishi. Kinasafiri nayo, na hata kinaisaidia isife pale ambapo ingepaswa kufa.

Sasa ongeza malaria. Vimelea vya malaria vikimrudia mtoto mara kwa mara, seli zake za kinga hulazimika kuzaana kwa wingi, na kila zinapozaana hukata na kuunganisha upya vinasaba vyake vya kutengeneza kingamwili. Kukata DNA kwa makusudi ni kazi ya hatari. Mara chache sana kipande huungwa pasipo pake. Mwaka 1972 watafiti wawili wa Bulgaria waliona kasoro kwenye kromosomu namba 14 ya seli za uvimbe wa Burkitt. Mwaka 1976 ikajulikana kwamba kipande kilichozidi hapo kimetoka namba 8. Na mwaka 1982 ikajulikana kipande hicho kimebeba nini: kinasaba kiitwacho MYC, ambacho kazi yake mojawapo ni kuamuru seli ianze kunakili na kugawanyika. Kikiwa kwao, namba 8, huwashwa na kuzimwa kwa mpango. Kikihamia namba 14, kinaangukia jirani na vinasaba vya kingamwili, mahali ambapo kromatini ya seli hizi iko wazi muda wote. Hakizimiki tena.

Ndiyo maana uvimbe wa Burkitt ni miongoni mwa saratani za binadamu zinazokua kwa kasi kubwa kuliko zote. Seli zake zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja hadi mbili. Mama akiniambia uvimbe ulikuwa kama punje ya karanga Jumapili ya juzi na leo ni kama limau, simwambii anatia chumvi.

Kasi hiyohiyo, hata hivyo, ndiyo udhaifu wake. Burkitt kwanza alijaribu kisu, na uvimbe ukarudi. Mashine ya mionzi Kampala haikuwepo. Kuanzia mwaka 1960 alipata dawa zilizokuwa bado mpya kabisa, akazitumia kwa uangalifu na kwa dozi ndogo, maana alikuwa hana maabara ya kufuatilia madhara. Watoto ambao nyuso zao zilikuwa hazitambuliki walirudi sura zao katika siku chache, na baadhi walipona moja kwa moja. Methotrexate huinyima seli malighafi ya kutengenezea DNA, kunakili kukakwama njiani. Cyclophosphamide hufunga nyuzi mbili za DNA pamoja, pete haiwezi kupita. Vincristine huvunja kamba zinazovuta kromosomu kila upande wakati wa kugawanyika. Seli ya kawaida inayopumzika hainakili, kwa hiyo huumia kidogo. Seli ya Burkitt inanakili usiku na mchana, haina pa kujificha.

Dawa hizo tatu bado ziko kwenye tiba ya watoto wetu leo, katika hospitali kama Muhimbili, Bugando na KCMC. Katika nchi tajiri watoto takriban tisa kati ya kumi hupona. Kwetu hatujafika hapo, na sababu kubwa haiko kwenye dawa. Watoto wanafika wamechelewa, na wengine wanatoroshwa wodini uvimbe ukishanywea, mzazi akidhani kazi imekwisha. Uvimbe ukinywea, seli chache zinabaki, na unajua sasa seli chache hufanya nini kwa wiki mbili.

Kwa hiyo mtoto, hasa wa miaka minne hadi tisa na zaidi wa kiume, akivimba taya bila jino bovu linaloonekana, au meno mazima yakianza kucheza kabla ya umri wake, usikubali yang'olewe kwanza. Vivyo hivyo jicho likitokeza nje, tumbo likijaa kwa haraka, au miguu ikiishiwa nguvu ghafla. Nenda zahanati au kituo cha afya, sema waziwazi uvimbe umekua kwa siku ngapi, na uombe rufaa ya mtoto kuchukuliwa kinyama cha vipimo. Kuchanja chale juu ya uvimbe na kuukanda kwa majani moto kunakula siku ambazo mtoto hana. Najua nauli ya kwenda Mwanza ni mbuzi mmoja au wawili. Heri wauzwe wiki hii.

Ukiwa wodini kuna mambo mawili wazazi hulalamikia bure. La kwanza ni dripu nyingi kabla ya dawa yenyewe. Seli nyingi zikifa kwa mpigo mmoja humwaga uchafu unaoweza kuziba figo, na maji yale ndiyo yanayousafisha. La pili ni kukatazwa kumpa mtoto vidonge vya kuongeza damu mlivyotoka navyo nyumbani. Vingi vina asidi ya foliki, ambayo ndiyo malighafi hasa methotrexate inaizuia. Muulize daktari kwanza.

Na malaria? Tanzania ilishajaribu jambo hapa. Kati ya 1977 na 1982, huko Mara Kaskazini, eneo la Hospitali ya Shirati, watoto wa chini ya miaka 10 walipewa klorokwini kila wiki mbili ili ionekane kama uvimbe wa Burkitt utapungua. Ulipungua kweli, lakini ulikuwa umeanza kupungua kabla ya dawa, na vimelea navyo vikaanza kuizoea klorokwini, kwa hiyo jibu halikuwa safi kama watafiti walivyotaka. Ushahidi uliokusanywa baadaye kutoka maabara umeiweka malaria katikati ya kisa hiki. Chandarua chenye dawa kinamkinga mtoto na zaidi ya homa.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966. Watu wengi wa Ulaya wanamjua kwa jambo jingine kabisa. Akiwa London, pamoja na Trowell yuleyule aliyemwita wodini, alianza kuhubiri kwamba magonjwa mengi ya Wazungu yanatokana na kukoboa nafaka na kutupa makapi. Alitembea akiuliza hospitali za mbali kama zinaona choo kigumu, saratani ya utumbo na vijiwe vya nyongo, kwa vipeperushi na ramani vilevile. Si kila alichodai kimesimama, lakini kuhusu ugali wa dona na wa mtama dhidi ya sembe nyeupe mimi niko upande wake, na nitaandika siku nyingine.

Alifariki tarehe 23 Machi 1993 huko Gloucester, Uingereza, akiwa na miaka 82. Pale Mulago, kituo kidogo kilichofunguliwa mwaka 1967 kwa ajili ya watoto wenye uvimbe wake ndicho kilichokua na kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda, na watoto wenye taya zilizovimba bado wanapokelewa hapo.